Mafia Mwezi wa Oktoba: Potwe, Popo na Magofu ya Kua

Jumatano: Mbagala, Nyamisati, Kilindoni

Basi la Nyamisati huondoka Mbagala Rangi Tatu asubuhi na mapema, na anayetaka kiti cha dirishani awahi. Barabara ni ileile ya kusini, inapita Mkuranga mpaka Bungu, halafu unaiacha lami ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Nyamisati ndiyo mwisho wa bara: gati, vibanda vya chai, marundo ya mizigo, na watu waliokaa juu ya mizigo hiyo wakisubiri chombo.

Wageni wengi wanaokwenda Mafia hupanda ndege Dar es Salaam na kufika ndani ya nusu saa hivi. Mwenye muda namshauri apite Nyamisati, kwa sababu ya ile njia ya maji ndani ya delta. Kabla ya kutokea baharini, boti hupita kwenye mmoja wa mikono ya Rufiji, mikoko kulia na kushoto, mizizi yake imesimama juu ya tope kama miguu ya kaa. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Maji yake ni ya kahawia, yamebeba udongo uliotoka mbali sana, kule Kilombero na Ruaha Mkuu, maana mito yote miwili inamwaga humu.

Ndani ya mikono hii ndimo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilimojificha mwishoni mwa mwaka 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakatengeneza uwanja wa ndege, na ndege zilizorukia huko zikawa zinaelekeza mizinga ya manowari zao kutoka angani. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia humuhumu mtoni. Ukipita mwenyewe unaona jinsi ilivyokuwa kazi kuitafuta: kila kona inafanana na iliyopita.

Mama mmoja wa Kilindoni aliyekuwa anarudi na marobota ya mitumba alinigusa bega tulipokaribia mlango wa mto. "Angalia maji, mwanangu." Palikuwa na mstari, upande huu kahawia, upande ule kijani. "Hapo ndipo chakula cha potwe kinapoanzia." Hajasomea bahari, lakini ndivyo wanavyoeleza hata watafiti: rutuba ya Rufiji inalisha vijidudu vya baharini, vijidudu vinaleta uduvi na dagaa, na hao wanamleta samaki mkubwa kuliko wote duniani.

Tulifika Kilindoni jua likiwa limeshaanza kushuka. Ufukweni majahazi yalikuwa yamelala ubavu, watu wanapakia nazi. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, nikala wali wa nazi kwa mchuzi wa changu, nikalala.

Alhamisi: Potwe

Papa potwe wanaonekana vizuri upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni penyewe, kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi. Zamani ilidhaniwa kwamba nje ya miezi hiyo wanahama. Watafiti waliwavika vifaa vya kutoa sauti na kuweka vipokezi chini ya maji, ikagundulika kwamba wengi hawaendi popote. Wanasogea mbali kidogo na ufuko na kuzama chini zaidi, hivyo macho ya watu hayawafikii. Ni wakazi wa Mafia mwaka mzima. Na wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa.

Tulitoka na mashua ya injini saa mbili asubuhi. Huu ni wakati wa matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia, bahari imetulia. Nahodha hakuwa anamtafuta potwe. Alikuwa anatafuta ndege. Wakikusanyika mahali na kuanza kupiga mbizi, chini kuna dagaa, na penye dagaa huenda potwe naye yupo. Wavuvi wa hapa wanaitumia alama hiyo pia kinyumenyume: wakimwona potwe wanajua pa kutupa nyavu. Nahodha alisema akinasa hawamuui, wanaushusha wavu atoke, kwa kuwa ndiye anayewaonyesha riziki.

Alipoonekana, nahodha alizima injini mbali naye. Sheria aliyotupa ni fupi: usimguse, usimkate njia ya mbele, kaa umbali wa mita tatu au zaidi, usipige maji kwa miguu. Nikajitosa.

Kwanza huoni kitu, maji ni mazito kwa vile vijidudu anavyokula. Halafu lile giza la mbele yako linaanza kuwa na madoa. Mgongo wake ni wa kijivu cha buluu, umejaa madoa meupe yaliyopangwa kwa safu, na kati ya safu kuna mistari miembamba. Mdomo uko mbele kabisa ya kichwa, si chini kama wa papa wengine, na ni mpana kiasi cha kunimeza mabega, lakini anachomeza ni vitu vidogo kama vijidudu, uduvi na dagaa. Nyuma ya jicho kuna mianya mitano ya mashavu. Kila alipofumba mdomo mianya ile ilifunguka kwa pamoja, maji yakatoka, nikaiona nyama ya ndani. Chini ya tumbo walijibandika chazo wawili.

Sehemu ile, nyuma ya mianya upande wa kushoto, ndiyo kitambulisho chake. Mpangilio wa madoa ya hapo haufanani kwa samaki wawili, kwa hiyo watafiti wanapiga picha na kulinganisha kwa kompyuta, na potwe aliyeonekana miaka iliyopita anajulikana kuwa ni yuleyule. Yupo potwe ambaye nahodha amekuwa akimwona kila msimu kwa muda mrefu. Alimtambua kwa pezi la mgongo lililokatika ncha.

Jambo moja lilinikera. Hifadhi ya Bahari ya Mafia iko mashariki na kusini. Bahari ya Kilindoni iko nje ya mipaka yake. Zilipofika mashua nyingine na potwe mmoja akazungukwa, hakukuwa na mtu wa kusema imetosha. Nahodha wetu alituita tupande. "Tumwache ale," akasema, na abiria wote tukakubali. Mwaka 2016 potwe aliingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anayepanga kwenda amchague nahodha wa namna hii, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Ijumaa: Utende na popo wa Chole

Baada ya sala ya Ijumaa nilichukua bajaji kwenda Utende, kama kilomita 15 za lami, minazi njia nzima. Langoni unalipia kiingilio cha hifadhi. Hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, ilitangazwa mwaka 1995 baada ya sheria ya mwaka 1994, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Haikuwahamisha watu. Vijiji vya Chole, Juani na Jibondo vimo ndani yake, na wenyeji wanaendelea kuvua, isipokuwa baruti na juya, wavu wa kukokota, vimepigwa marufuku na baadhi ya maeneo yamefungwa kabisa.

Kuvuka kwenda kisiwa cha Chole ni mwendo mfupi tu kwa mashua. Nilifikia kwa familia moja inayopokea wageni, na bibi wa nyumba hiyo, baada ya shikamoo na habari za njiani, hakunipa hata nafasi ya kuweka begi. "Nenda kwanza ukaone popo, mjukuu wangu, wanakaribia kuondoka."

Ni popo wakubwa wanaokula matunda, mbawa zikinyooshwa zinakaribia mita moja. Mchana wanalala kwenye miti mikubwa karibu kabisa na nyumba za watu. Nilisimama chini nikatazama juu: mamia ya vifurushi vyeusi, kila mmoja amejifunika mbawa zake, na hapa na pale mmoja anajipepea maana jua lilikuwa bado kali. Shingoni wana manyoya ya dhahabu iliyofifia. Wanagombana sana. Mmoja akisogea, jirani anamzomea, na ugomvi unapita tawi hadi tawi.

Popo wa jamii hii wanapatikana Mafia na Komoro tu. Ndugu zao wengine wako Pemba, Madagaska, Shelisheli, na kuendelea mashariki hadi India, Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Bara la Afrika hawapo hata mmoja. Kutoka Mafia hadi delta ya Rufiji hakufiki kilomita 30, popo hawa wanaruka umbali wa namna hiyo, lakini jamii yao yote imeenea baharini, kisiwa hadi kisiwa, na hapa ndipo ilipoishia.

Nilikaa na jambo hilo usiku ule wote. Mnazi nao ulifika pwani hii kwa njia ya bahari kutoka mashariki. Ngalawa yenye matengo mawili, ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, iliyonivusha ina ndugu zake Madagaska na Indonesia, haina ndugu kwenye maziwa yetu ya bara. Tumezoea kuiita Mafia kisiwa cha pembezoni kwa sababu tunaitazama kutoka Dar es Salaam. Ukisimama Chole na kutazama mashariki, Mafia iko njiani.

Jua lilipozama popo walianza kuondoka, kwanza wawili watatu, kisha kundi zima, wakivuka ghuba kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta maembe na mikorosho. Wengine walishuka hadi usoni mwa maji, wakachovya kifua, wakainuka. Wenyeji wanasema wanalamba maji hayo kwenye manyoya wakiwa hewani.

Jumamosi: Chole asubuhi, Kua alasiri

Chole palikuwa mjini. Baada ya Kua, mji wa kale wa kisiwa cha Juani, kuvunjika, makao makuu ya Mafia yalihamia hapa, wakakaa maliwali wa Zanzibar na wafanyabiashara wa Kihindi, na mwaka 1890 Wajerumani wakaichukua pamoja na pwani yote, wakimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4. Yamebaki magofu ya nyumba za mawe, boma, na hekalu la Wahindu. Mizizi ya mitini imeshika kuta kiasi kwamba mahali pengine huwezi kusema kama mti unaubomoa ukuta au unauzuia usianguke. Wajerumani walihamia Kilindoni muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, meli kubwa zipate maji ya kina, na Chole ikarudi kuwa kijiji cha michungwa na njia za mchanga.

Kwenda Kua ni lazima uvizie maji. Kua iko Juani, upande wa magharibi, na maji yakiwa yamejaa mashua inakuteremsha karibu kabisa na magofu. Tulikuwa kwenye bamvua, siku za maji makubwa, maji yanajaa mnamo saa kumi, basi tukaondoka saa nane. Kiongozi wangu alikuwa mzee wa Juani ambaye babu zake wamezikwa hukohuko.

Mji umeenea porini. Unapita mibuyu, unakutana na ukuta wa jumba la kifalme uliokuwa na ghorofa, bado umesimama, matundu ya boriti yanaonekana. Kuna misikiti kadhaa. Kwenye mmoja nilipapasa kibla: chokaa imelainishwa kwa mkono, na pembeni kuna alama nyembamba za vidole vya fundi aliyekuwa anaisawazisha ikiwa mbichi. Vidole vitatu, vinapanda kidogo kwenda kulia. Nilikaa pale mpaka mzee akaniita.

Kwenye kaburi moja palikuwa na ubani, sarafu na vipande vya chupa. Watu bado wanakuja kuomba dua na kuweka nadhiri. Mzee alipiga Fatiha, nami nikaitikia.

Halafu tukakaa kivulini akanisimulia habari za Kua na Kisimani, miji miwili iliyokuwa na uhasama. Watu wa Kisimani walijenga jahazi, siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua pamoja na watoto wao. Wakawakamata watoto wale, wakawalaza njiani, jahazi likapita juu yao kwenda majini. Watu wa Kua walinyamaza. Miaka ikapita, wakaandaa harusi, wakawaalika watu wa Kisimani kwenye chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mpaka akabaki mzee mmoja tu aliyejitolea kuwaburudisha wageni kwa maneno, na mlango ukajengwa kwa mawe wote wakiwa ndani, na yule mzee pia.

"Chumba chenyewe kiko wapi, babu?" nikauliza.

"Kinatafutwa," akasema. "Mimi sikitafuti."

Kilichoiua Kua kilitoka mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walikuja na msafara mkubwa wa mitumbwi yenye matengo, wakauvamia mji, wakaua na kuchukua mateka. Sultani wa Zanzibar alituma jeshi kuwafuatia, lakini Kua haikukaliwa tena. Chombo kilichowaleta kilikuwa ndugu wa hiki tulichopanda sisi.

Mawe ya Kua yanapungua. Mengine yanaangushwa na mizizi, mengine yamechukuliwa kujengea. Mzee anafyeka njia kwa panga lake mwenyewe. Mji wa hadhi hii unastahili walinzi wanaolipwa na mafundi wa chokaa, kama ilivyofanyika Kilwa.

Jumapili: Kasa wa Juani

Tulishuka Juani alfajiri, maji yakiwa bado juu, tukaanza kutembea kuvuka kisiwa. Karibu saa nzima, njia ya mawe ya matumbawe yenye ncha, mashamba madogo ya mihogo katikati ya mawe. Unaanza kusikia mvumo wa bahari kabla hujaiona. Ule wa mashariki ni ufuko wa bahari kuu, na hapo ndipo kasa wanapotagia.

Mlinzi wa viota ni kijana wa kijiji. Utaratibu huu umesimamiwa na shirika la Sea Sense, ambalo limekuwa likifanya kazi kwenye pwani ya Tanzania tangu mwaka 2001. Zamani mayai ya kasa yalikuwa kitoweo. Anayeona kiota anachimba. Sasa anayetoa taarifa ya kiota anapata malipo, na kiota kikianguliwa salama anapata mengine. Kinachotoka kwa wageni wanaokuja kutazama, sehemu yake inabaki kijijini.

Msimu mkubwa wa kuangua ni Juni hadi Septemba, lakini kasa wengine wanachelewa. Kiota tulichofikia kilikuwa kimeshaanguliwa siku mbili kabla. Kazi ya leo ilikuwa kukifukua, kuhesabu maganda na kuwatoa waliokwama. Kijana alivua viatu, akapiga magoti, akachimba kwa viganja. Mchanga wa juu mkavu, wa chini unyevu na wa moto kidogo. Joto hilo ndilo linaloamua: mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike wengi, ukipoa wanatoka madume. Mayai hukaa mchangani siku 55 hadi 60 hivi.

Alitoa maganda, laini kama karatasi iliyolowa, akayapanga kumi kumi. Alipofika kama urefu wa mkono, akasimama, akapuliza mchanga. Mguu mmoja ulikuwa unatikisika. Alimtoa kasa mdogo, mweusi, anaenea kiganjani, mapezi yamejaa mchanga, na kwenye tumbo bado kulikuwa na kovu la kiini cha yai. Chini yake walikuwepo wengine wanne. Hakuwapeleka majini kwa mkono. Aliwaweka juu ya mchanga, mbali na maji, akasema lazima watembee wenyewe.

Wa kwanza aligeuka mara mbili, akapata mwelekeo, akaenda. Ghagaa, wale kaa weupe wa mchangani, walikuwa wametoka mashimoni, na kijana alitembea pembeni akiwafukuza kwa tawi. Mmoja wa kasa alipinduliwa na wimbi, akarudishwa, akapinduliwa tena, mara ya tatu akachukuliwa. Wakijaaliwa kukua, majike watarudi kutaga maeneo haya haya baada ya miaka ishirini, thelathini, au zaidi. Nilimuuliza kijana kama atakuwepo. Alisema atakuwa na wajukuu, na wajukuu watakuwa walinzi.

Jumatatu: Jibondo

Jibondo ni mwamba. Udongo kidogo, maji matamu ya shida, kwa hiyo watu wake wameishi kwa bahari na kwa kuunda vyombo. Tulifika mapema. Mnamo saa nne maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, na wanawake wamejaa kwenye mwamba na vijiti vyao wakitafuta pweza. Dada mmoja alinionyesha shimo: mlangoni kuna vipande vya makombe vilivyorundikwa, alama kwamba mwenyewe yumo. Alichomeka kijiti taratibu, akasubiri, akavuta.

Msikiti wa kijiji una mlango wa kuchongwa ambao wenyeji wanasema ulitoka Kua. Nakshi zake zimelainika kwa kuguswa, lakini ukiutazama pembeni jua likiwa chini, maua yake yote yanasomeka.

Ufukoni palikuwa na jahazi linalomaliziwa. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Hakuna mchoro. Mkuku, ule mti mrefu wa chini, unalazwa, gubeti na fashini, nguzo za mbele na nyuma, zinasimamishwa, mbao zinafuata jicho lake, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yanachongwa kwa tezo kutoka kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe porini, ili ugumu wa mti ufuate mpindo. Matundu ya misumari yanatobolewa kwa keekee, ule upinde unaovutwa mbele na nyuma.

Vijana wawili walikuwa wanakalafati. Mmoja anasokota pamba pajani, anaipitisha kwenye mafuta ya nazi, mwingine anaisukuma kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Sauti ya nyundo ndiyo kipimo. Pamba ikiwa bado haijakaza, mlio ni mzito. Ikijaa, mlio unakuwa mkavu na mkali, kijana anasogea kidole kimoja mbele. Nilifumba macho nikasikiliza, nikaanza kuujua wakati wa kusogea. Mfuko mzima wa pamba unaingia kwenye jahazi moja.

Alasiri, bamvua ikiwa juu, walishua mashua nyingine ndogo iliyokuwa tayari. Magogo yalipangwa chini ya mkuku, kamba mbili mbele, kijiji kizima kikaja. Imamu alisoma dua. Watoto walikaa mbali, kwenye kivuli cha ukuta, na mtu mzima mmoja alisimama nao mpaka chombo kilipoelea. Sikuuliza kama ni kwa ajili ya usalama wa kawaida au kwa ile habari ya Kisimani. Waimbaji walipokezana, kila mwitikio chombo kinasogea urefu wa hatua, halafu ghafla kikawa chepesi, kikaingia majini chenyewe, na wanaume waliokuwa wamekishika wakajikuta maji kifuani wakicheka.

Jumanne: Kitutia

Siku ya matumbawe. Kitutia iko mbali kusini, mashua ya tanga ilichukua asubuhi nzima. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya Mafia yakapauka na kufa, huku kusini yakiathirika vibaya sana. Joto lilirudi tena mwaka 2016. Niliyoyaona yanachanganya: mahali pengine vifusi tupu, hatua chache mbele bustani nzima ya matumbawe ya pembe na ya meza, na kasa akila taratibu majani ya bahari. Hifadhi ina zaidi ya aina 400 za samaki. Nilikaa majini mpaka midomo ikabadilika rangi.

Jumatano: Ras Kisimani

Nilirudi Kilindoni, nikakodi mashua hadi ncha ya kusini-magharibi. Kisimani ilikuwa mji mkubwa zama za Kilwa. Masimulizi ya Kilwa yanasema sultani wake wa kwanza wa Kishirazi alimtuma mwanawe kuja kuitawala Mafia, na sarafu za masultani wa Kilwa zimeokotwa hapa. Sasa sehemu kubwa ya mji imeliwa na bahari. Maji yakikupwa unaona vipande vya kuta mchangani, na vigae: vyungu vya kienyeji vyenye mistari ya kukwaruza, na vya kigeni vyenye rangi ya kijani inayong'aa. Kimoja kilikuwa na ukingo mzima wa bakuli, unene wa ukucha. Nilikitazama, nikakirudisha kilipokuwa. Vigae hivi vinasema mengi vikiwa mahali pake, maana anayevipima anahitaji kujua vilikuwa na vipi vingine, kina gani, upande gani.

Mvuvi aliyekuwa anatengeneza wavu alisema kila kusi kali ufuko unasogea ndani, na minazi iliyopandwa na baba yake iko majini. Alinionyesha visiki viwili.

Alhamisi: Kurudi

Boti inafuata maji, si saa, kwa hiyo watu walikuwa gatini usiku bado haujaisha. Magunia ya nazi, matenga ya pweza mkavu, dagaa, na mtumishi mmoja aliyehamishwa na vyombo vyake vyote vya nyumbani. Nilikaa karibu na wanafunzi wa Kilindoni waliokuwa wanakwenda Dar. Wanamjua potwe, wengine wamemwona kwenye mashua za baba zao, ila Kua hawajafika hata mara moja. Hakuna aliyewahi kuwapeleka. Mmoja aliniuliza njia, nikamchorea: mashua kutoka Utende, maji ya bamvua, ondoka saa nane, na jina la kijiji cha kumuulizia mzee.

Nilimuuliza nahodha kuhusu Songosongo na Kilwa. Alisema kutoka Jibondo majahazi ya mizigo yanakwenda huko kaskazi ikishika, siku moja ukipata upepo mzuri, na mtu akiwa mvumilivu hakosi nafasi. Kaskazi inashika Desemba.